Nilimsikia shore kando ya mto Rhine

Mbayuwayu ndiye aliyenitia moyo kupita kiasi. Siku ya tatu baada ya kufika Wageningen, mji mdogo wa chuo kikuu nchini Uholanzi, nilimwona akikata hewa juu ya nyasi za bondeni, mkia mrefu uliopasuka katikati, koo la rangi ya kutu, nikasema moyoni: basi, hapa nitapaweza. Huyu namjua. Kuanzia Septemba hujipanga kwenye nyaya za umeme kwetu Voi, na ikifika Aprili unashtukia hawapo. Nami nilikuwa nimefika Aprili ile ile, kwa masomo ya miezi minne ya umwagiliaji, na koti la kuazima na darubini kuukuu niliyoitumia miaka kumi. Niliona kama tumesafiri pamoja.

Basi kila asubuhi kabla ya darasa nikawa napanda Grebbedijk, tuta refu la udongo linalouzuia mto Rhine usiingie mjini. Ukisimama juu yake unaona nchi mbili. Upande mmoja kuna nyumba, bustani na watu wa baiskeli. Upande wa pili ni tambarare ya nyasi ambayo mto huimeza wakati wa baridi na kuiachia majira ya machipuko, imejaa vidimbwi, matete, vichaka vya mierebi na makundi ya bata bukini. Hakuna mlima wa kukupa mwelekeo. Mtu aliyekulia chini ya milima ya Taita hujikuta anageuka geuka akitafuta mahali pa kuegemeza macho.

Na macho ndiyo niliyoyategemea. Kwetu mtafuta ndege hutazama mbali, kwenye ncha ya mgunga mkavu, na aliyetua pale amejianika kwa jua lote. Huhitaji kumsubiri aseme. Kule Uholanzi wiki mbili za kwanza zilikwenda vizuri kwa sababu miti ilikuwa bado mitupu. Nilimwona korongo mweupe juu ya tundu lake, akirudisha kichwa mgongoni na kugonga mdomo kama mtu anayepiga vijiti viwili. Niliwaona mnandi wakikausha mabawa, na yangeyange wakubwa, na hata domomwiko wakichota maji huku na huku kwa ule mdomo bapa. Nikawa naandika kwenye daftari kwa furaha. Kisha, mwanzoni mwa Mei, majani yakatoka. Hayakutoka taratibu kama nilivyotarajia. Mti uliokuwa kiunzi Jumatatu, Jumapili ulikuwa ukuta wa kijani, na nyuma ya ukuta ule kukawa na kelele za ndege zisizo na mwenyewe.

Sijui kama nitaweza kumweleza mtu ambaye hajaisikia alfajiri ya Mei ya kule kaskazini. Kunaanza kupambazuka kabla ya saa kumi na moja, na jua halizami mpaka baada ya saa tatu usiku. Ndege wana haraka ya mwaka mzima ndani ya majuma machache, kutafuta mke, kulinda uwanja, kujenga, kutaga, kwa hiyo wote wanaimba kwa pamoja na kwa nguvu. Mimi nilisimama katikati ya kelele hizo na darubini mkononi, na nilichokipata kilikuwa kivuli cha mkia, jani lililotikisika, na ndege mdogo wa kahawia aliyeruka kabla sijalenga. Kesho yake mwingine wa kahawia. Daftari langu la wiki hiyo lina majina saba, na matano kati yake niliyafuta baadaye kwa sababu yalikuwa ya kubahatisha. Kwetu mimi ndiye ninayeulizwa, “Yule ni ndege gani?” Nilirudi bwenini nimenyamaza siku nyingi mfululizo.

Mzee nilimkuta kwenye benchi la mbao juu ya tuta, baiskeli imelazwa nyasini, mikono magotini, macho ameyafumba. Nilimpita mara mbili nikidhani anapumzika. Mara ya tatu aliniuliza kwa Kiingereza cha pole pole nilikuwa nasikia nini. Nikaanza kumweleza nilichokiona: bata bukini wale, yangeyange yule. Akatikisa kichwa. Hakuuliza nilichoona. Alitaka kujua nilichosikia.

Alikuwa seremala, amefanya kazi na misumeno ya umeme zaidi ya miaka arobaini, na misumeno ilikuwa imemla masikio. Masikio hayafi yote kwa mpigo, alinieleza. Zinaanza kuondoka sauti nyembamba za juu, kisha zinazofuata, kama ngazi inayoliwa na mchwa kutoka juu kushuka. Vifaa alivyovaa masikioni vilimsaidia kuongea na watu, lakini havikumrudishia ndege. Alikuwa amezijua nyimbo zote za bonde lile tangu utotoni. Sasa alimsikia kekeo, alimsikia njiwa, alimsikia bata bukini, na juu ya hapo kulikuwa kimya. Alikuja kukaa pale, alisema, kwa sababu alijua kwamba wapo.

Mimi nilikuwa na masikio bila majina, yeye alikuwa na majina bila masikio. Hatukulipanga jambo hili. Lilianza tu asubuhi ile, mimi nikieleza mlio, yeye akitaja mwenyewe.

Kueleza mlio ni kazi ngumu kuliko nilivyofikiri, hasa kwa lugha ambayo si yako wala si ya mwenzako. Maneno ya Kiingereza yalitukwama sote wawili, tukahamia kwenye vitu vya nyumbani. Huyu ni kama pampu ya baiskeli isiyopakwa mafuta, juu, chini, juu, chini. Huyu ni kama cherehani inayoanza polepole kisha ikakolea. Huyu ni mfuniko wa sufuria unaozunguka sakafuni mpaka utulie. Mzee alifumba macho, akawaza, akataja jina, kisha akaniambia mahali pa kutazama: kwenye ncha ya tete, siyo katikati, chini ya kichaka, siyo juu. Ndipo nikainua darubini, na ndege alikuwa pale. Majina yao mengine ni sauti zao wenyewe. Tjiftjaf, koekoek. Nami nikamtajia tetere na kwarara, akayarudia mara kadhaa kwa furaha ya mtoto, akasema hata bila kuwaona anawasikia.

Siku moja nilimuudhi, na nilistahili. Nilikuwa nimegundua kwamba simu yangu inaweza kupiga nyimbo zilizorekodiwa, na kulikuwa na ndege mmoja wa kwenye matete, mwenye kifua cha buluu nzito, ambaye nilikuwa nimemkosa siku nne. Nikapiga wimbo wake. Alitoka mara moja. Alikuja karibu sana, manyoya ya koo yamesimama, akaruka tete hili na lile, akazunguka, akarudi. Nilikuwa nimefurahi kwa picha niliyoipata. Mzee hakuisikia simu, lakini alimwona ndege, akaelewa, akaniomba niizime. Yule hakuja kukusalimu, aliniambia. Amesikia mwanamume mwingine ndani ya ua wake. Kila dakika anayomtafuta adui asiyekuwepo ni dakika ambayo hali wala hamlindi mke wake. Tangu siku hiyo sijapiga tena wimbo wa ndege msimu wa kutaga, na waongozaji vijana wa kwetu huwa nawaambia hivyo hivyo, maana hata Tsavo mchezo huu umeingia.

Asubuhi ninayoikumbuka kwa picha ilikuwa katikati ya Mei, baridi kavu, umande mzito. Tulikuwa tumeshuka kutoka kwenye tuta mpaka ukingoni mwa bwawa la matete. Nilikuwa nimemtajia watano au sita, kisha nikasema, kama jambo la kupita tu, kwamba nyenje wa huku wanaamka mapema. Mzee akasimama. Nyenje gani? Nikamwambia: kule kwenye nyasi ndefu, anaserereka bila kupumua, trrrrrrrr, kama gurudumu la baiskeli linalozungushwa bure. Akaniambia kwamba hapakuwa na nyenje mwezi wa Mei, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwenye baridi ile. Akaniuliza kama bado analia. Analia. Akaniuliza kama sauti inapungua na kuongezeka. Ndiyo, kama mtu anayegeuza kichwa. Akasema, ndivyo, anageuza kichwa.

Waholanzi humwita sprinkhaanzanger, mwimbaji wa panzi. Ni ndege mdogo wa kahawia mwenye mistari, hatembei juu ya nyasi ila ndani yake kama panya, na sauti yake ni nyembamba kiasi kwamba kwa wengi ni miongoni mwa za kwanza kuondoka masikio yakianza kuzeeka. Mzee hakuwa amemsikia kwa miaka minane. Aliniomba jambo moja: niinue mkono anapolia, niushushe anaponyamaza. Nikainua mkono. Alilia zaidi ya dakika nzima, na kila sauti iliponenepa niliupandisha mkono kidogo, ilipokonda nikauteremsha, na mzee akautazama mkono wangu muda wote ule bila kupepesa. Alipokata, nikashusha. Alipoanza tena, nikainua. Bega liliniuma na sikutaka kubadilisha mkono. Mwishowe alitoa leso, akafuta pua, akasema twende, nisije nikachelewa darasani.

Baada ya siku ile niliacha kutoka na darubini kila mara. Nilikaa sehemu moja, benchi lile lile, asubuhi baada ya asubuhi, nikawajua ndege kama unavyowajua majirani wa chumba cha pili ambao hujawahi kuonana nao uso kwa uso: huyu huanza kwanza, huyu hukohoa, huyu hunyamaza kipanga akipita. Mpaka wiki ya mwisho ya Mei nilidhani nimeshawasikia wote. Kumbe aliyebaki alikuwa bado njiani.

Magharibi ya mji, mwendo wa saa nzima kwa miguu juu ya tuta, kuna hifadhi iitwayo Blauwe Kamer. Zamani palikuwa na kiwanda cha matofali, na bomba lake la moshi bado limesimama peke yake kama mnara wa msikiti uliobomolewa. Mwaka 1992 walilikata kwa makusudi tuta dogo la upande wa mto, wakaruhusu mto uingie na kutoka utakavyo. Farasi wadogo wa kijivu na ng'ombe wenye manyoya marefu wanaachwa walishe humo mwaka mzima. Kwa mtu aliyekwenda kujifunza kuyazuia maji na kuyaelekeza, kuwaona Waholanzi, mafundi wa matuta kuliko watu wote, wakilifungua tuta lao wenyewe lilikuwa somo ambalo sikulipata darasani. Lakini hilo nitaliandika siku nyingine.

Kwenye ukingo wa njia kuna kichaka cha majani yanayowasha, yale yale ambayo wenzetu wa bara huyaita thabai, yamechanganyika na miiba na mashina makavu ya mwaka uliopita. Mzee alikuwa ametangulia. Mimi nilisimama kufunga kamba ya kiatu, na kutoka ndani ya thabai, hatua tano kutoka uso wangu, ndege akaanza kuimba kwa kasi ambayo sijawahi kuisikia. Hakuwa na wimbo mmoja. Alirusha vipande vya nyimbo, kimoja juu ya kingine, mluzi, mkwaruzo, kengele, mtetemo, bila kupumzika. Nikaanza kuvitambua. Hicho ni mbayuwayu. Hicho ni yule ndege mweusi wa bustanini anaposhtuka. Hicho ni shore.

Nilisimama na kamba mkononi. Shore. Yule wa kichwa cheusi na tako la njano, anayetoboa mapapai ya mama kabla hayajaiva, anayetuamsha Voi siku zote za Mungu kwa ule msemo wake mfupi wa sauti nne tano zinazokunjana, kama mtu anayemwita jirani upande wa pili wa ua na kukata kabla hajajibiwa. Shore hayupo Uholanzi. Nikasubiri. Akapita mluzi, akapita mkwaruzo, kisha akarudi tena, shore kamili, na lafudhi yake.

Nilimkimbilia mzee. Nilimweleza hovyo, nusu kwa Kiingereza, nusu kwa mikono. Hakushangaa hata kidogo kuhusu ndege, alitaja jina pale pale: bosrietzanger. Ni miongoni mwa wa mwisho kurudi majira ya machipuko, hupenda thabai kuliko matete, na huiga wengine. Hilo la kuiga alilijua toka ujana wake, na alijua kwa kusoma kwamba ndani ya wimbo huo mna ndege wa Afrika. Kilichomfanya akae chini kwenye majani yenye umande ni kwamba hakuwahi kukutana na mtu anayeweza kumwambia ni nani hao.

Hapo ndipo na mimi nilipokaa, kwa sababu jina lile lilinikumbusha kitu. Nilitafuta jina lake la kisayansi kwenye simu, Acrocephalus palustris. Nilikuwa nimemshika ndege huyu mkononi mwangu mara nyingi sana.

Marehemu baba alikuwa mpishi Ngulia, kwenye hoteli ya mlimani ndani ya Tsavo Magharibi. Tangu mwaka 1969 watafiti wa ndege wamekuwa wakikusanyika pale kila mwisho wa mwaka. Usiku wa Novemba na Desemba, mwezi ukiwa haupo na ukungu ukiwa umefunika kilele, ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia hupotezwa na mwanga wa taa za hoteli, wakashuka kwa mamia kama mvua. Watafiti huwanasa kwa nyavu laini, huwavisha pete ya Nairobi mguuni, huwapima na kuwaachia. Hizo ndizo siku za likizo ndefu ya shule, kwa hiyo mimi na ndugu yangu tulikuwa kwa baba, na kazi yetu ilikuwa kubeba mifuko ya kitambaa kutoka nyavuni hadi mezani. Katika kila mifuko kumi, mingi ilikuwa na ndege wa aina mbili tu, na mmoja wao ndiye huyu. Gramu 12 hivi, mwepesi kama barua. Watafiti walimlaza chali kiganjani, wakampuliza manyoya ya kifua yafunguke, na chini ya ngozi ile nyembamba kama karatasi ya sigara ulionekana ute wa njano kooni: mafuta ya safari. Wakiona mengi walisema huyu bado ana mwendo mrefu. Mimi pia niliruhusiwa kupuliza. Nilihisi moyo wake ukipiga kwenye vidole vyangu kwa kasi isiyohesabika. Kisha tulifungua mkono gizani au asubuhi, akaenda kusini.

Kamwe hakuimba. Usiku ule wote, miaka ile yote, ndege wale walikuwa kimya au walitoa mlio mmoja mkavu wa woga. Kwangu alikuwa “yule wa kahawia”, wa kupimwa haraka ili tufike kwa wale wenye rangi.

Jioni hiyo nilisoma mpaka usiku. Mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alichapisha mwaka 1979 kazi aliyoifanya Ubelgiji, nchi jirani, akiwa amekaa na kusikiliza ndege hawa mmoja mmoja na kuvichambua vipande vya nyimbo zao. Alikuta kwamba dume mmoja kwa wastani huiga aina 76 za ndege, na 45 kati ya hizo ni wa Afrika. Ndani ya vipande hivyo aliweza kuisoma hata njia waliyopita, Ethiopia, Kenya, na kushuka mpaka kusini mashariki ya bara letu wanakokaa wakati wa baridi ya Ulaya. Kuna jambo jingine ambalo lilinikosesha usingizi. Dume huacha kuimba makinda yakianguliwa. Kwa hiyo kinda hakui akimsikia baba yake. Wimbo wake anaujenga mwenyewe mwaka wake wa kwanza, kwa kusikiliza majirani anaowakuta: kwanza wa bonde alikozaliwa, halafu wa kila pori alilolala njiani.

Nilimwaza shore wa mama juu ya mpapai. Yamkini si yeye. Lakini ni mmoja wa ndugu zake, aliyeimba asubuhi fulani bila kujua kwamba ndani ya kichaka kuna kinda wa mgeni anayesikiliza kwa makini namna ile.

Kesho yake tulirudi Blauwe Kamer na daftari. Mzee alichora mstari katikati ya ukurasa. Safu ya kushoto ikawa yake, ya kulia yangu. Mimi nilikaa karibu na thabai, nikaeleza kila kipande nilichoweza kukidaka: hiki ni kama kengele ndogo ya baiskeli mara mbili, hiki ni kama mtu anayesugua kioo. Kikiwa cha kwao yeye alitaja jina na kuandika kushoto. Kikiwa cha kwetu nilitaja mimi, nikaandika kulia. Kwa saa moja na nusu safu yake ilifika majina kumi na moja. Yangu ilifika matatu: shore, keremkerem kwa kile kimtetemo chake laini anachokitoa akiwa hewani, na yule ndege mdogo mweusi na mweupe wa porini kwetu anayelia kama simu ya zamani ya mezani. Vipande vingi vilibaki bila mwenyewe, kwake na kwangu. Yawezekana ni vya Ethiopia, au vya Zambia, na ilitupasa tuwe na wenzetu wawili watatu zaidi pale kwenye umande. Mzee aliviwekea alama ya kuuliza katikati, juu ya mstari, safu ya tatu isiyo na jina. Aliniuliza shore anafananaje, anakula nini, watu wa kwetu wanampenda? Nikamwambia kweli: tunamfukuza kwa mawe. Nilipata haya kulisema.

Tulikwenda mara sita au saba zaidi. Katikati ya Juni thabai zilinyamaza. Nilidhani wameondoka, nikawa na huzuni, mpaka nilipokaa kimya vya kutosha nikamwona mmoja akipanda shina kutoka chini, mdomoni ana viwavi vya kijani vitatu vimening'inia, akatazama huku na huku, akazama tena. Makinda yalikuwa yameanguliwa. Wimbo uliokusanywa kutoka nusu ya dunia ulikuwa umefungwa, na chini ya majani kulikuwa na watoto ambao hawatausikia.

Nilirudi nyumbani mwisho wa Julai. Desemba nilipata nafasi ya kupanda Ngulia usiku mmoja, ukungu ukatukubalia, na nikashika mfuko baada ya miaka mingi. Alikuwa wa mwaka ule ule, kinda la Juni. Nilimpuliza kifua, nikaona ute wa njano. Sikusema kitu kwa wale vijana niliokuwa nao mezani. Nilimsogeza tu sikioni kabla ya kumwachia, jambo ambalo halina maana yoyote ya kitaalamu.

Asubuhi moja ya Januari nilimpigia mzee simu kutoka Voi. Kwao kulikuwa na theluji. Tulizungumza kidogo juu ya afya yake, kisha nikamwomba asubiri, nikatoka uani na kuinyanyua simu kuelekea mpapai. Shore alikuwapo, kama kawaida, na papai lililotobolewa. Sauti yake si nyembamba, ni ya katikati, ya koo. Akasema ule msemo wake. Akanyamaza. Akausema tena.

“Huyo,” mzee alisema, “huyo namsikia.”